Breki ya Mama Mdogo

Kila siku nikitoka shule ratiba yangu ilikuwa ile ile: kuvua sare, kula, kuosha vyombo kwa haraka iliyomfanya mama akague kila sahani upya, kisha kukaa mbele ya televisheni na kuendesha gari. Gari la kwenye gemu, bila shaka. Mwenye gari la kweli alikuwa mama mdogo, aliyeishi nasi na kufanya kazi ya kufundisha watu wazima udereva.

Gemu lenyewe lilikuwa na tabia mbili. Ukichagua upande wa raha, gari linaruka madaraja, linagonga ukuta na kudunda kama mpira, kisha linaendelea na safari kama halikuona kitu. Ukichagua upande wa kweli, mambo yanabadilika. Matairi yanapata moto, barabara yenye maji inateleza, na ukichelewa kufunga breki kwenye kona unaishia ukutani. Pia unaweza kuchanganya. Unaendesha upande wa kweli, lakini kwenye mipangilio unawasha msaada wa breki, na gemu linakupunguzia mwendo lenyewe kila ukikaribia kona.

Mimi niliuwasha, nikanyamaza kimya. Tatizo lilikuwa moja tu: msaada ukiwashwa, alama ndogo ya mguu wa buluu hutokea kwenye pembe ya kioo. Nikabandika plasta ya kidonda juu yake na kumwambia mama kwamba kioo kina ufa. Maskini mama! Tangu siku hiyo alipofuta vumbi aliizunguka pembe ile taratibu, utadhani kuna mtoto mchanga amelala pale.

Mpinzani wangu alikuwa jirani yetu, ambaye pia tulikaa naye dawati moja darasani. Kila jioni alikuja kwetu tukapokezana, kila mmoja na mipangilio yake. Yeye aliendesha upande wa kweli bila msaada wowote, na mwanzoni aligonga ukuta kila kona. Nikampa jina la Ukuta, na jina likashika. Mimi nilijiita Kimbunga. "Ukuta, leo umemsalimia fundi mwashi mara ngapi?" nilimuuliza kila jioni, huku nikijichekea mwenyewe. Sikuona kwamba kila wiki aligonga mara chache kuliko wiki iliyopita.

Jumatatu moja mwalimu wa kompyuta alitangaza mashindano ya gemu lile lile. Yangefanyika Jumamosi, kila darasa lilete dereva mmoja, upande wa kweli, misaada yote imezimwa. Darasa letu likauliza nani aende. Ukuta mwenyewe akanyoosha mkono.

"Kimbunga anakwenda," alisema. "Ananishinda kila siku."

Wenzangu wakapiga makofi. Hapo ndipo ningesema kweli, mambo yakaisha. Badala yake nilisimama nikawapungia mkono kama mgeni rasmi.

Jumatano mama mdogo alirudi mapema, akakaa nasi na kikombe chake cha chai. Ukuta alipoendesha, mguu wa kulia wa mama mdogo ulikandamiza zulia kila kona, mpaka kandambili ikamtoka. Hayo yalikuwa mazoea ya kazi. Gari la kufundishia lina breki ya pili mbele ya kiti cha abiria, ili mwalimu amsimamishe mwanafunzi anapotaka kuvamia duka la watu. Zamu yangu ilipofika, mguu wake haukutikisika. Alikunywa chai tu, akinitazama.

Ukuta alipokwenda kwao, mama mdogo aliweka kikombe chini.

"Nani anakufungia breki?"

"Nani tena, mama mdogo? Mimi mwenyewe, kwa kidole hiki hapa."

"Kidole hicho kwenye kona ya tatu kilikuwa puani."

Nikasema huenda gemu lina hitilafu.

"Miaka kumi na mitano nimekaa kiti cha abiria nikiwafungia watu breki," alisema. "Gari linalosimamishwa na mtu mwingine nalijua hata likiwa ndani ya televisheni. Kesho ukitoka shule, njoo kazini kwangu."

Kazini kwake kulikuwa uwanja mpana wenye koni za plastiki na rundo la matairi chakavu. Mwanafunzi wa saa hiyo alikuwa muuza nyama mwenye mabega mapana, ambaye alikuwa na mtihani wa leseni wiki iliyofuata.

"Binti, funga mkanda huko nyuma," aliniambia, meno yote nje. "Leo utaona dereva aliyeiva."

Akaondoka kwa madaha. Kila alipokaribia koni, gari lilisimama mahali pake, na kila lilipokaribia kusimama niliona mguu wa mama mdogo ukishuka polepole. Muuza nyama hakuona kitu.

"Umeona nilivyosimama?" aliniuliza, akinitazama kwenye kioo cha ndani. "Kama nimekata kilo moja kamili!"

Mama mdogo alishika breki ya mkono kwa tahadhari, akainua miguu yote miwili na kuikunja juu ya kiti.

Koni ya kwanza ikaanguka, ya pili ikafuata, kisha zikaanguka tatu kwa mpigo. Muuza nyama alipiga honi, akawasha vifuta maji vya kioo, akaita mama yake, akafanya kila kitu isipokuwa kufunga breki. Tulikuwa tunakwenda taratibu, lakini tulikwenda mpaka kwenye matairi. Puu! Gari likazimika, koni moja imekaa juu ya boneti.

"Mwalimu, breki imeharibika!"

"Breki ni nzima, kaka yangu. Nimepumzisha mguu tu."

Muuza nyama aliinama kutazama miguuni pa mama mdogo. "Kumbe mwezi mzima ni wewe?"

"Mwezi mzima. Na kosa ni langu. Nilikuonea huruma, nikashindwa kukuambia. Mtihani tutausogeza mbele, na kuanzia leo breki ni yako."

Muuza nyama alishuka kuokota koni zake, akiziomba radhi moja moja. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu kicheko kikanikwama. Nilijiona Jumamosi, mbele ya shule nzima, gari langu likiingia ukutani na darasa letu likizomewa.

Nilipofika nyumbani nilibandua plasta na kuzima msaada. Kona ya kwanza, ukuta. Nikarudia, ukuta tena. Mara ya tisa nilivuka kona ya kwanza, nikafurahi sana, nikasahau kwamba kuna ya pili.

"Heh! Ufa umepona?" Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha vumbi.

Ikabidi nimweleze yote. Alinikaripia kwa ajili ya ule uongo, nami niliustahili. Kisha nikasema kwamba Jumamosi labda ningeumwa tumbo. Mama mdogo alikuwa mlangoni.

"Tumbo litapona Jumapili," alisema. "Na nafasi ya mwenzako nayo itapona?"

Nililala nikilifikiria hilo. Ijumaa asubuhi nilimwomba mwalimu wa kompyuta ruhusa, nikasimama mbele ya darasa. Nilisema nilitumia msaada, niliuficha, na dereva wa kweli ni Ukuta. Wengine waliguna, na mmoja kule nyuma akacheka. Hayo niliyavumilia. Ukuta hakucheka.

"Wiki zote hizi umenicheka," alisema. "Mimi nikamwambia hata baba yangu kwamba sijui lolote."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha mtu yeyote. Nikamwomba msamaha.

"Ngoja kwanza nikashindane," alinijibu.

Mwalimu akampa nafasi, na mimi akanipa kazi ya kupangusa kompyuta zote mpaka muhula uishe.

Jumamosi Ukuta aligonga ukuta mara moja tu na kuwa wa pili kati ya madereva sita. Darasa letu lilipiga kelele mpaka mwalimu akaziba masikio. Nilipiga kelele kuliko wote, na nilifurahi kwa moyo mmoja. Alipotoka alinijia.

"Jumatatu njoo nyumbani nikufundishe ile kona," alisema. "Lakini nitakucheka."

"Haya, cheka."

Mama mdogo, aliyekuja kutazama, alinishika bega tulipokuwa tukirudi.

"Kusaidiwa si aibu, mwanangu," alisema. "Kila mwanafunzi wangu huanza kwa kusaidiwa. Ubaya ni kuficha. Ukificha, hakuna atakayekufundisha, maana wote wanadhani unajua, na mwishowe hata wewe unaanza kudhani hivyo. Jana ulisimama mbele ya darasa zima ukasema kweli bila kushikwa mkono na mtu. Anzia hapo."

Jumatatu nilianzia hapo. Niligonga ukuta mara kumi na mbili, na Ukuta akacheka zote kumi na mbili.