Uma Ulionyooshwa

Seremala hakupenda kitu kilichopinda. Meza ikiegemea upande, hali wala halali mpaka ainyooshe. Siku moja aliitazama baiskeli ya mkewe. Uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ulikuwa umejikunja kwenda mbele. Akaupasha moto, akaupiga nyundo hadi ukanyooka. Alijisifu mpaka jioni.

Kesho yake mkewe, mwoka mikate, aliteremka mlima na kreti mbili nyuma. Usukani ukaanza kutetemeka. Akaukaba kwa nguvu, ukazidi. Alirudi akiisukuma baiskeli, magoti yamechubuka, mikate imejaa mchanga.

"Umeifanya nini baiskeli yangu?"

"Nimeinyoosha, mke wangu."

"Mbona inayumba?"

Seremala aliinama kuutazama uma. Ulipopinda baiskeli ilikwenda vizuri, uliponyooka imemwangusha mkewe. Aliyatazama yale magoti, akaogopa.

Wakaenda kwa jirani yao, fundi baiskeli aliyeitwa Mama Spoki.

"Shemeji, lete rula yako," alisema fundi. Akaiegemeza kwenye bomba la usukani, akafuata mwinamo wake hadi ardhini, akatia alama ya chaki. "Tairi linagusa wapi?"

"Nyuma ya alama."

Fundi akapima na baiskeli yake mwenyewe. "Kwangu pengo kati ya alama na tairi ni dogo. Kwako limekuwa kubwa. Pengo hilo hufanya gurudumu lifuate nyuma na kujirudisha lenyewe. Lina kipimo chake. Umekivuruga, na moto umedhoofisha chuma. Uma huu haufai tena, tutafunga mwingine."

"Kwa hiyo ulipindwa makusudi?"

"Makusudi kabisa."

Fundi akabana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Shingo ya usukani ikacheza. "Gololi za humo ndani nazo zimelegea. Hilo pia huleta tetemeko. Na mzigo usikae juu. Uwe chini, sawa pande zote mbili."

Akamgeukia mwoka mikate. "Ikitetemeka, usiukabe usukani. Legeza mikono, bana fremu kwa magoti, shika breki ya nyuma polepole."

"Nilegeze huku naogopa?"

"Hapo hapo, shoga yangu."

Seremala aliitikia, ingawa nusu ya maneno yalikuwa bado yanamzunguka kichwani.

Uma mpya ulipofungwa na gololi kukazwa, seremala alikwenda kusimama chini ya mlima, roho mkononi, mikono wazi tayari kumdaka. Mkewe akaja, vikapu vimening'inia chini ubavuni, usukani umetulia. Akampita.

"Husimami?" seremala aliuliza.

"Mikate inapoa, mume wangu."