Filimbi ya Kiranja wa Kahawa

Kila asubuhi Ephrasia aliongozana na bibi yake, Kokushubila, mmoja akienda shuleni, mwingine shambani. Safari ya nusu saa iliwachukua saa nzima, maana bibi hakuweza kumpita mtu aliyeshika jembe bila kusimama na kumwambia, "Wakola, waitu." Kwa Kihaya wakola ndiyo asante, na waitu ni neno la heshima, lakini ukilipasua neno wakola linasema: umefanya kazi. Bibi alimwambia hata Mzee Rugaibula, ambaye alikuwa akigombea naye mpaka wa migomba tangu kabla ya Uhuru.

"Bibi, si analima shamba lake? Unamshukuru kwa lipi?" Ephrasia aliuliza siku moja, akitazama jua.

"Kwa kuwa nimemwona," bibi akajibu, wala hakuongeza mwendo.

Ephrasia alikuwa na haraka zake. Mwaka huo wa 1974 alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Nshamba, na Mwalimu Kagaruki, mwalimu mkuu, alikuwa amemchagua kiranja wa kahawa. Upepo ulikuwa umeng'oa bati la darasa la saba, na kahawa ya shamba la shule ndiyo ingelirudisha. Ikiloa ikaota ukungu, watu wa ushirika wangeikataa, na Ephrasia na wenzake wangeingia la saba na kusomea mvuani mwaka mzima.

Pamoja na cheo alipewa filimbi. Filimbi hiyo ililia kwa ukali hata kuku wa jirani waliacha kutaga, na siku moja padri wa parokia alisimamisha mahubiri akidhani ni gari la polisi. Ephrasia akatunga amri: mtu asiguse mkeka wa kahawa iliyoanikwa mpaka filimbi ilie mara mbili. Anayezungumza aandikwe kwenye daftari la wavivu. Anayeimba, vilevile. Mushumbusi, aliyekuwa akiwaimbisha wenzake, aliandikwa mara tisa kwa wiki moja.

Zamani watoto walikimbia wenyewe kugeuza kahawa jua lilipohama. Sasa walikaa wakingoja mlio. Ephrasia aliona wametulia, akadhani wametii.

Alhamisi mchana, Mwalimu Kagaruki akiwa amekwenda Muleba, wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Mikeka kumi na miwili ilikuwa uwanjani. Ephrasia alitia filimbi mdomoni, akapuliza. Ikatoka hewa tu. Akaitikisa, akapuliza tena mpaka macho yakamtoka. Ganda la kahawa lilikuwa limekwama ndani. Aliyelitia hajulikani mpaka leo. Mushumbusi, ambaye sasa ni babu wa wajukuu, huapa kuwa si yeye, na huapa kabla hajaulizwa.

"Anueni mikeka," Ephrasia akasema.

Watoto arobaini walimtazama. Hakuna aliyeinuka.

"Kiranja, haijalia," Mushumbusi akasema kwa upole wa kuudhi. "Amri ni mara mbili. Tukigusa, utatuandika."

Tone la kwanza lilimwangukia Ephrasia mkononi. Alifungua daftari atafute majina ya kutishia, na hapo akaona: kila jina lilikuwamo. Aliyajua makosa ya watu wote, lakini angeulizwa nani alifanya jema gani hata siku moja, angesema nini? Akawatazama, si kama anayehesabu, akaanza kukumbuka.

Alichana kurasa, akatupa daftari, akashika ncha ya mkeka uliokuwa karibu.

"Adventina," akasema, "mkeka huu ulichanika, ukauziba kwa kamba za mgomba bila kutumwa na mtu. Wakola. Datius, wewe huokota punje zinazodondoka pembeni, nami niliona nikanyamaza. Wakola." Akageuka. "Mushumbusi, nilikunyima wimbo. Nakuomba, imba. Peke yangu siwezi."

Kisha Adventina akashika ncha ya pili. Mushumbusi akajikohoza kama mzee wa baraza, akaanza kuimba. Uwanja mzima ukainuka. Walikimbia, wakapishana mlangoni mwa stoo, wakaitikia wimbo huku radi zikipasuka. Mkeka wa kumi na mbili ulipoingia, mvua ilishuka kama vile mtu amepindua pipa.

Mwalimu Kagaruki alifika ameloa chapachapa, akakuta kahawa kavu na watoto wanaimba. Ephrasia alimweleza yote, hata amri zake, hata daftari. Mwalimu aliipokea ile filimbi.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nilikupa filimbi nikadhani nimekupa uongozi. Sikilizeni, wanangu. Anayefanya kazi kwa kuogopa kuandikwa, huacha kalamu ikiwekwa chini. Anayejua kuwa kazi yake inaonekana na ni yake, huifanya hata kiongozi asipokuwapo. Hivyo ndivyo tutakavyojitegemea."

Kahawa ilipokelewa, na kabla ya mwaka kwisha darasa la saba lilikuwa na bati jipya. Lakini watu wa Nshamba wanakumbuka zaidi asubuhi ya Ijumaa iliyofuata mvua ile. Safari ya nusu saa ilichukua saa moja na robo, na safari hii aliyekuwa akivutwa mkono na bibi ili watembee upesi alikuwa Ephrasia, amesimama kwenye mpaka wa migomba akimwambia Mzee Rugaibula, "Wakola, waitu."