Aliyeitikia Jina la Persis

Siku ya kwanza jina lake liliposomwa katika bweni la chuo cha uuguzi, Persis Nyanchama hakuwahi kuitikia. Alikuwa ameinama akifungua sanduku lake, na kabla hajainua kichwa, sauti ikasema, "Nipo." Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa kooni aliozaliwa nao. Ilitoka kwenye kitanda cha chuma ambacho alikuwa bado hajakikalia.

Matroni Roselyne hakuinua macho. Alitia alama daftarini, akaondoka kwa hatua za mtu anayefukuzwa.

"Nani amejibu?" Persis akauliza.

Wenzake watano walijifanya wanakunja nguo. Joyline, wa mwaka wa pili, binti wa wakulima wa majani chai kutoka Nyamira, akamsogelea na kunong'ona, "Nyamaza, tafadhali. Ikijibu, wacha ijibu."

Persis hakutaka kulala pale tangu mwanzo. Nyumba ya nyanya yake Orpah iko Kiogoro, mwendo wa dakika kumi kutoka lango la chuo. Nyanya ana kisukari, macho yamefifia, na ni Persis aliyekuwa akimdunga sindano asubuhi na jioni. Mara mbili alikwenda kuomba ruhusa ya kulala nyumbani. Jibu lilikuwa lile lile: kila mwanafunzi alale ndani, kila kitanda kiwe na mtu, na asiyetaka asikanyage chumba cha mtihani.

"Nimekuja kusomea kuuguza watu," alimwambia matroni, "halafu nimwache mgonjwa wangu?"

Sindano ikabaki kwa jirani ambaye mikono yake ilitetemeka kuliko ya mgonjwa.

Majina yalisomwa kila siku saa kumi alasiri, saa ambayo mvua ya Kisii haichelewi. Mawingu hushuka mpaka kwenye migomba, stima hupotea, na bweni huwa jeusi kama ndani ya chungu. Siku ya pili Persis alijiandaa. Alisimama mlangoni, mdomo wazi, akingoja jina lake. Kwanza ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Kisha ulimi wake ukawa mzito kama jiwe, na nyuma yake sauti yake ikasema kwa utulivu, "Nipo." Alipogeuka, blanketi la kitanda chake lilikuwa linainuka polepole, kama la mtu anayeketi kitako baada ya usingizi mnono.

Matroni alipoondoka, Joyline alimvuta hadi kwenye kamba za nguo.

"Mwaka jana ilinijibia mara tatu," alisema. "Tangu hiyo ya tatu sijawahi kutoka lango. Nikifika pale miguu inakuwa ya mtu mwingine. Baba alifariki mwezi wa nne, Persis. Wakamzika bila mimi. Nilidanganya nyumbani kwamba nina mtihani."

"Mlimwita mchungaji?"

"Aliletwa. Akaomba vizuri sana. Ikasema 'Amina' kabla yetu."

Kesho yake, saa tisa hivi, Persis aliingia kwa matroni bila kubisha hodi. Roselyne alikuwa ameketi na daftari mapajani, na alipoulizwa hakukana.

"Kuna muhula kitanda kimoja kilikosa mtu," alisema. "Ikanifuata nyumbani. Mume wangu akiniita, ikawa inamwitikia yenyewe kutoka jikoni. Ilininyang'anya mume nikimwangalia. Ndiyo nikamsihi mkuu wa chuo aweke sheria, vitanda vyote vijae. Nyinyi ni wengi. Mimi niko peke yangu."

"Kwa hivyo sisi ndio chakula chake."

"Mwanangu, imekujibia mara mbili tu. Nenda sasa hivi, nitasema ulitoroka. Saa kumi haijafika."

Lango lilionekana kutoka pale, na ng'ambo yake barabara ya kwenda kwa nyanya. Persis aliitazama kwa muda mrefu.

"Na Joyline naye?"

Matroni akalikumbatia daftari. Persis akanyoosha mkono, akamnyang'anya daftari.

"Leo nasoma mimi."

Mvua iliangukia mabati kwa kishindo alipoingia bwenini, na giza likaja, na ile harufu ikaja nzito kuliko siku zote mpaka wasichana wakaziba pua kwa vitenge, na vitanda vyote sita vikaanza kulia springi zake kimoja baada ya kingine kana kwamba kitu kinavikalia kikivijaribu, hadi kikafika kwenye kitanda chake, kikatulia, na godoro likabonyea katikati mbele ya macho yao, na Persis akafungua daftari lakini hakusoma jina la mtu.

"Wewe unayelala kwenye kitanda changu," alisema. "Sheria inasema kila anayelala humu awe na jina humu daftarini. Lako ni nani?"

Ikajibu kwa sauti ya Persis mwenyewe: "Persis Nyanchama."

"Hilo alinipa nyanya yangu. Nimekuuliza lako."

"Joyline Kemunto."

Joyline alikuwa amejikunyata ukutani. Midomo yake ilicheza bila sauti. "Dai jina lako!" Persis akamkemea. "Ni langu," Joyline akasema, kisha akapiga ukelele, "Ni langu! Ni la mama yake baba!"

Ikataja la wa tatu, akalidai. La wa nne, akalidai. Ikawamaliza wote. Kisha ikacheka kidogo, ikasema taratibu, "Roselyne."

Matroni alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Godoro likainuka, na ubaridi ukamwendea.

"Ni langu," alisema akilia. "Hata woga huu ni wangu. Nimeuchoka. Toka!"

Ikabaki ikigugumiza kama mtu aliyekatwa ulimi.

"Asiye na jina hana kitanda hapa," Persis akasema. "Toka!"

Kitanda kikaburutika hadi ukutani. Kitu kikapita katikati yao, kikimgusa kila mmoja shavuni kama ngozi mbichi ya mnyama, vioo vya dirisha vikapasukia nje, na harufu ikaenda na mvua.

Joyline hakungoja hata kuvaa viatu. Walimfuata hadi langoni, ambako askari Ratemo alimzuia.

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Mfungulie," Roselyne akasema.

Joyline alisimama, akavitazama vidole vyake vya miguu kwenye matope. Akatoa mguu mmoja. Akatoa wa pili. Ng'ambo ya lango akaanguka, na Persis akadhani imemrudia. Lakini alikuwa anajipaka matope ya barabara miguuni kwa mikono miwili, akicheka na kulia. Kisha akainuka, akashika njia ya Nyamira, ambako kulikuwa na kaburi ambalo hajaliona.

Persis alirudi akachukua godoro lake, akajitwika, akapita mbele ya Ratemo.

"Na wewe je? Mkuu akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie nalala kwa nyanya yangu Kiogoro," alisema bila kusimama. "Na siku ya mtihani nitakuja. Anizuie akiwa ananiangalia machoni."