Ndoo ya Senene

"Sisi hatuli hawa," alisema mzee Byabato, akaifunika tena ile ndoo ndogo taratibu.

Tulikuwa sebuleni kwake, Butimba. Mshenga wangu, mzee Ngosha, alibaki na tabasamu mdomoni asijue alipeleke wapi. Yeye ni Msukuma wa Misungwi, bosi wangu kwenye karakana ya injini za boti kule Igoma, na asubuhi ile alikuwa ameizunguka Kirumba yote akitafuta senene, wale panzi wa kukaanga. Aliniambia hatuwezi kwenda kuposa kwa Wahaya mikono mitupu, na kwamba Mhaya ukimpelekea senene umemaliza kazi. Hakuna aliyemwambia kuwa kila ukoo wa Wahaya una mziro wake, kitu ambacho watu wake hawali mpaka kufa. Mziro wa ukoo huu ulikuwa ndio hao hao senene.

Nilimhurumia mzee wangu. Nikaona nimsaidie.

"Hata mimi sili, mzee," nikasema.

Kokulinda, mchumba wangu, alicheka kwa raha pale alipokaa na mama yake. Akathibitisha kwamba ni kweli, ameniona mara nyingi nikikataa.

"Huli kwa nini?" mzee Byabato akauliza. Alifundisha walimu hapo Butimba miaka thelathini kabla ya kustaafu, na kila swali lake lilikuwa na sauti ya mtihani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema wananisumbua tumbo, mambo yangeisha na chai ingeendelea. Mimi nikatoa ukweli wote. Nikasema kwamba kitu pekee ninachokikumbuka kwa mama yangu ni kofi. Tulikuwa kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi. Nilichota senene kwenye sufuria ya jirani, na kabla sijameza mama akanizaba kofi, akasema maneno yale yale: sisi hatuli hawa.

Mzee aliweka kikombe mezani. Alimtazama mkewe, kisha akanigeukia.

"Kisiwa gani?"

"Sijui, mzee. Nilikuwa mdogo."

"Kambi hiyo ilipatwa na nini?"

"Iliungua."

Akasimama. Akamwambia mzee Ngosha kwa heshima zote kwamba mazungumzo yasimame hapo, atatuita. Tukatoka na ndoo yetu.

Niseme mimi ni nani, ingawa swali hilo limenichosha tangu utotoni. Jina langu ni Yakobo Mwaloni. Yakobo nilipewa na masista wa kituo kilichonilea. Mwaloni ni pale sokoni Kirumba, niliposhushwa kwenye mtumbwi wa dagaa nikiwa na miaka mitano hivi, peke yangu, nguo ikinuka moshi. Nyumba za kambi yetu zilikuwa za nyasi, moto wa jiko ukashika moja ukamaliza zote, watu wakarukia mitumbwi iliyokuwa karibu. Basi. Wenzangu wakijaza fomu wanaandika kabila, kijiji cha asili, jina la babu. Mimi nimegombana na makarani zaidi ya kumi kwa sababu ya hizo nafasi tatu.

Kokulinda hakuwahi kuniuliza hayo. Alikuja karakana na jenereta ya shule anayofundisha, akasubiri saa nne nzima, na alipoondoka alikuwa anajua ninavyopenda chai yangu. Ndiyo maana nilimpenda. Alinipokea nilivyo, bila historia.

Jioni ile alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Yakobo, baba ana dada. Shangazi Jovitha."

"Yule wa Muleba?"

"Huyo. Zamani aliachika, akaenda kuishi visiwani. Alituma salamu nyumbani kwamba amepata mtoto wa kiume, anaitwa Antoni. Halafu kambi ikaungua, wakaambiwa mtoto amekufa."

Nilikaa chini kwenye boksi la spana.

"Baba anasema huenda hakufa," akaendelea. "Anasema huenda ni wewe. Kama ni wewe, mimi ni binti ya mjomba wako. Ni dada yako, Yakobo. Kwetu huko hakuna ndoa."

Sikujua nilie au nicheke. Miaka yote nimetafuta mtu wa kuniambia mimi ni wa wapi, na sasa amepatikana, na jibu lenyewe linaninyang'anya mke.

Shangazi alikuwa anatunza mgonjwa, asingeweza kuja kabla ya wiki tatu, na mzee alikataa kuzungumza jambo hilo kwa simu. Wiki hizo tatu sizitamani tena. Kokulinda alipendekeza tukapime vinasaba, nikamjibu tusubiri. Ukweli ni kwamba niliogopa majibu yote mawili. Nikiambiwa ndiyo, nimempoteza yeye. Nikiambiwa hapana, narudi kuwa mtoto wa soko la samaki. Kuna asubuhi niliamka nikiomba iwe ndiyo, nikajichukia mpaka mchana.

Meseji zetu zilikuwa za ajabu:

"Umekula?"

"Nimekula mpenzi. Wewe?"

"Usiniite mpenzi mpaka tujue."

"Nikuiteje?"

"Hata sijui."

Siku moja, kwa ujinga tu, nikaandika "sawa dada" nione linavyokaa. Alizima simu siku mbili. Alipowasha aliandika mstari mmoja: "Unafurahia. Ndicho kinachoniuma."

Hakuwa amekosea sana.

Shangazi Jovitha alifika Jumamosi. Niliitwa Butimba, nikaenda peke yangu. Nilimkuta amekaa kwenye kochi, mwanamke mrefu, mikono mikubwa, kitenge cha njano. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akanishika sikio la kulia, akalisugua kidogo kwa kidole gumba.

"Nilikupiga hapa," akasema. "Mkono wa kulia ulikuwa na taa ya karabai. Mpaka leo najuta lile kofi."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote ni sikio gani. Hata Kokulinda sikumwambia.

"Niliambiwa mtumbwi wako ulizama," akasema tena. "Antoni, mwanangu. Niliambiwa ulizama."

Nikapiga magoti pale kwenye zulia la watu, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia kwa sauti. Akanikumbatia. Alinuka sabuni ya kipande na majani ya ndizi, na mwili wangu ulimjua kabla ya akili. Mzee Byabato alikuwa anafuta miwani. Nilipoinua kichwa nikamwona Kokulinda mlangoni. Alitutazama, akavua pete niliyomvisha, akaiweka juu ya kabati la vyombo na kwenda chumbani kwake.

Ndivyo nilivyompata mama na kumpoteza mchumba ndani ya dakika tano.

Kesho yake, baada ya misa, mama aliniomba nimsindikize ufukweni. Tulikaa juu ya mawe, akavua viatu. Hakuniangalia aliponiuliza.

"Unampenda Kokulinda?"

"Nampenda. Lakini ndiyo basi tena, mama. Nitazoea."

"Usiseme utazoea. Mimi nimezoea vitu vingi na havikunisaidia." Akaokota kijiwe, akakitupa majini. "Sikukuzaa."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Mama yako aliitwa Gladness. Alikuwa anawapikia wavuvi. Alikufa kwa homa ukiwa hujatimiza miaka miwili, na siku hiyo hiyo nikakubeba mgongoni. Nikakulisha ninachokula mimi, nikakukataza ninachokatazwa mimi."

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Alikuwa anaongea Kijita, au Kikerewe. Mimi sikuwahi kujua kutofautisha. Nisamehe kwa hilo."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza jana, mbele ya watu wote.

"Mume wangu aliniacha kwa kuwa sizai. Nikatoka kwetu naitwa mgumba. Nilipokupata nikatuma salamu kwamba nimezaa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniita hilo jina tena. Hata ulipokufa, nilibaki mama aliyefiwa. Kule kijijini ni heshima kubwa kuliko kuwa mgumba."

Nilimwambia, na nilimaanisha, kwamba asiseme chochote. Nilikuwa nimempata mama jana tu. Sikuwa tayari kumrudisha.

"Mpigie mzee wako wa Igoma," akasema akivaa viatu. "Mwambie aje kesho saa kumi. Aje na wale senene."

Nilipompigia, mzee Ngosha alikohoa kwa aibu. Akakiri kwamba wamebaki nusu.

Saa kumi tulikuwa sebuleni wote. Kokulinda aliitwa kwa nguvu, akakaa mbali nami, macho yamevimba. Mama alisimama katikati. Hakuzungusha maneno.

"Kaka, huyu si mtoto wangu," akasema. "Sikumzaa. Sijawahi kuzaa. Nilimlea tu."

Nilikuwa najua atalisema. Hata hivyo liliniingia kama kisu. Maisha yangu yote niliogopa kwamba siku nikimpata mama yangu atasema neno hilo hilo.

Mzee Byabato alitikisa kichwa. Akasema anamwelewa dada yake, ana huruma na vijana, lakini ukoo hauvunjwi kwa huruma. Juzi alimwita "mwanangu" mbele ya mashahidi, leo anamkana. Waamini lipi?

"Unasema hivyo ili waoane, Jovitha."

Mama hakubishana. Alimwendea mzee Ngosha, akachukua ile ndoo, akafungua kifuniko. Harufu ya chumvi na pilipili ikajaa sebuleni, na mke wa mzee akasogeza kiti chake nyuma. Mama alichota senene kwa mkono wa kushoto, akaja mbele yangu. Hata kuwashika kwake ni dhambi.

"Kula," akasema.

Nikamtazama.

"Huu ni mwiko wa kwetu, si wako. Nilikupiga bure. Kula, Yakobo."

Hakuniita Antoni. Nilielewa. Mwanamke wa ukoo ule anaweza kudanganya, anaweza kuapa kwa jina lolote, lakini kumlisha mziro mtoto aliyetoka tumboni mwake hawezi. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na mzee Byabato alilijua kuliko wote. Nikafungua mdomo. Sikio langu la kulia likawaka moto, nilisubiri kofi. Halikuja. Nikatafuna huku machozi yakinitoka, nikameza. Nilikuwa najitafuna mwenyewe nitoke kwenye ukoo niliokaa ndani yake siku mbili tu.

Mzee alisubiri mpaka mama alipoenda kunawa na kurudi.

"Na wewe umekubali kusema hayo mbele yangu," akamwambia dada yake kwa upole. "Baada ya miaka yote."

"Nimekubali."

Mzee aliinama kidogo, akakohoa, akarudisha sauti yake ya darasani. Akasema basi tuendelee pale tulipoishia, kila upande ukae mahali pake. Kokulinda alinyanyuka. Alipita nyuma ya kiti changu kwenda kwenye kabati la vyombo, na aliporudi kukaa na mama yake pete ilikuwa kidoleni. Hakunitazama, lakini mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu.

"Upande wa kijana uko na nani?" mzee akauliza.

Mzee Ngosha akanyoosha mkono, peke yake kwenye kochi la watu watatu.

Shangazi wa binti ana kiti chake siku kama hiyo, karibu na bibi harusi, na ndiye mwenye neno la mwisho. Jovitha alikitazama kile kiti. Kisha akabeba mkoba wake, akavuka sebule, akaketi kati yangu na mzee Ngosha.

"Jovitha, umekosea mahali," kaka yake akasema. "Wewe ni shangazi."

"Shangazi mtatafuta mwingine," akajibu. "Huyu hana mwingine."

Hakuna aliyepinga. Mzee Ngosha alisogea kumpa nafasi na kuanza upya salamu za posa, safari hii akiiweka ndoo yake mbali kabisa, nyuma ya mlango. Mama alifungua mkoba, akatoa leso, akanipa chini chini.

"Futa mdomo, mwanangu," akanong'ona. "Una bawa la senene kwenye ndevu."