Vifungo Sita vya Kaka Mkubwa

Duka la vifaa vya ushonaji lilifurika wateja, na fundi wa nguo za kike, aliyevaa gauni la kijani alilolikata kwa mkono wake mwenyewe, alikwishachoka kusubiri. Kijana mrefu aliyemtangulia alikuwa akipima vifungo kimoja kimoja kwa kidole gumba.

"Bwana, vifungo vikubwa hivyo unamshonea tembo?"

"Namshonea mtu mzima anayejifunza kuvaa," akajibu kwa upole. "Mimi ni mlezi katika makao ya watu wazima wenye ulemavu wa akili."

Fundi akauliza ni nani huyo. Kaka yake mkubwa, mwenye miaka thelathini na minane, alikuwa amehamia makao hayo hayo baada ya mama yao kufariki. Vifungo vile vilikuwa vyake.

Kwa miezi mitatu simu kati ya fundi na mlezi hazikupoa.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula. Na kaka?"

"Kaka yako kala sahani mbili, kisha akaiangalia yangu."

Asubuhi moja fundi alifika kabla ya saa za wageni. Akamwona kaka yake ameketi kitandani, jasho likimtoka, akihangaika na shati. Mlezi alisimama kando, mikono nyuma, akitazama tu. Damu ikamchemka fundi. Akaingia na kuvifunga vifungo vyote sita kufumba na kufumbua, kama mama alivyofanya maisha yake yote. Kaka akainamisha kichwa.

"Kazi yako ni kumtazama ndugu yangu akiteseka?"

"Mpenzi, alikuwa amebakiza viwili..."

"Usiniite mpenzi! Jumamosi namchukua."

Siku nne simu ya fundi iliita bila kupokelewa.

Jumamosi alikuja na teksi. Kaka yake alikuwa barazani, shati la buluu limenyooshwa kwa pasi, vifungo vimepishana tundu moja. Fundi akanyoosha mkono avirekebishe. Kaka akarudi nyuma.

"Acha. Mimi."

Akavifungua vyote, akaanza upya kutoka chini. Dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Kifungo cha sita kilipoingia, kaka akainua kidevu.

"Mama alikuwa ananivalisha," akasema. "Huyu ananingoja."

Fundi alikuwa amevalisha nusu ya wanawake wa mji ule, lakini hakuwahi kuona vazi lililomkaa mtu vizuri namna ile. Akairudisha teksi, akamfuata mlezi chumba cha kufulia.

"Nisamehe. Sikujua kwamba kungoja nako ni kazi."

"Ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mikono inawasha! Na wewe nilishakusamehe zamani, ila simu yako ilikuwa na kiburi."

Wakacheka, machozi yakiwalengalenga.

"Sasa niambie," mlezi akasema, akijikaza. "Wazazi wako hawapo. Posa niipeleke kwa nani? Kwa mjomba?"

"Mjomba wa nini, na kaka mkubwa yupo?"

Wakarejea barazani. Mlezi akasimama wima mbele ya mkuu wa familia, akaomba kwa adabu zote. Kaka akamwonyesha dada yake kwa kidole.

"Yeye umemuuliza?"

Mlezi hakuwa amemuuliza.

"Muulize."

Akamuuliza. Fundi akajibu kwa sauti iliyofika hadi lango kuu:

"Nimekubali!"

Kaka akampa mlezi mkono, kiume.

"Basi," akasema, "na mimi nimekubali."