Kilo Iliyobaki Kwenye Friji

Kila jioni Chapuchapu aliosha vyombo, na kila asubuhi mama yake aliviosha tena. Binti huyo wa miaka kumi na miwili alifanya kila jambo mbiombio. Alifagia katikati ya chumba, pembe akaziachia vumbi lake. Alifunga kamba za viatu huku anatembea. Jina la Chapuchapu alipewa na bibi yake, na lilimkaa vizuri kuliko hata sare yake ya shule.

Mdogo wake naye alikuwa na jina lake. Aliitwa Mdokozi, kwa sababu hakuweza kuipita sufuria bila kufunua mfuniko.

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa na shughuli. Bibi, fundi cherehani tangu ujana wake, alikuwa anastaafu. Wateja, majirani na mafundi wenzake, jumla watu sitini, walialikwa nyumbani Jumamosi mchana kuja kumpongeza. Chakula kikubwa kingekuwa nyama iliyopikwa kwa moto mdogo mpaka ilainike yenyewe, maana Bibi hakuwa tena na meno ya kushindana na nyama ngumu, na rafiki zake wengi walikuwa vivyo hivyo.

Msimamizi wa mapishi alikuwa Shangazi, mpishi wa bweni la wanafunzi. Jumatano alileta kilo moja ya nyama, akamwita Chapuchapu jikoni.

"Wewe hesabu unaziweza," alimwambia. "Nataka kila mgeni apate gramu mia mbili za nyama iliyoiva. Iliyoiva, umenisikia? Nyama hunywea motoni. Kesho ukitoka shule, ipike kilo hii kwa moto mdogo mpaka ilainike, kisha uipime upya. Hapo ndipo utajua tuagize kiasi gani, ukamwambie muuza nyama. Mimi niko kazini mpaka Jumamosi."

"Hamna shida, Shangazi!" Chapuchapu alijibu. Alifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi kazi ya watu wazima.

Kesho yake alikuwa ndiyo kwanza anatoa mkaa wakati wenzake walipomwita waende kuruka kamba. Alisita mlangoni. Nyama ya moto mdogo hutaka saa tatu, na kamba ilikuwa inapiga vumbi pale nje.

"Kwani hesabu inahitaji moto?" alijiuliza. Sitini mara gramu mia mbili ni kilo kumi na mbili. Basi! Akaisukuma ile kilo nyuma kabisa kwenye friji, akakimbia kwa muuza nyama kuagiza kilo kumi na mbili, na alipofika kwenye kamba hata zamu yake ilikuwa haijafika.

Jioni Shangazi alipiga simu. "Umeipika? Umeipima?"

"Nimeipima, Shangazi." Neno lilimtoka upesi, kama kila kitu chake.

"Ahsante, mwanangu. Umenitua mzigo."

Chapuchapu alirudisha simu mezani. Shukrani ile haikumpendeza hata kidogo.

Jumamosi Mama aliamka mapema, akabandika nyama jikoni. Sufuria kubwa ilijaa mpaka ukingoni. Mdokozi alipewa kazi ya kuangalia mkaa, na aliifanya akipiga mluzi. Alikuwa na siri yake uvunguni mwa kitanda: kigoda alichokichonga na kukipiga msasa mwenyewe, ampe Bibi mbele ya wageni.

Shangazi alifika jua likiwa limeshapanda. Akafunua mfuniko, akaingiza mwiko mpaka chini.

"Hii nyama imekwenda wapi?"

Mama akachungulia. Nyama ilikuwa imepita nusu ya sufuria kidogo tu. "Lakini ilijaa mpaka juu! Mimi mwenyewe niliibandika."

"Zilikuwa kilo ngapi?"

"Sikuuliza. Nilimwachia Chapuchapu kazi yake."

"Kama Chapuchapu aliipima kwanza, basi ilikuwa ya kutosha," alisema Shangazi. "Nyama haina miguu. Imeliwa."

Wote wawili wakamgeukia Mdokozi.

"Nimeonja mchuzi tu!" alisema, macho yamemtoka. "Kijiko kimoja! Haki ya Mungu, vijiko viwili, lakini nyama sikugusa!"

"Sufuria nzima, mtoto wewe?" Mama alifoka. "Nenda chumbani. Leo wageni hutawaona."

"Mama, na kigoda cha Bibi je?"

"Chumbani!"

Mdokozi akaondoka huku analia kwa sauti. Chapuchapu alikuwa amesimama kando ya meza na kisu cha vitunguu mkononi. Angeweza kunyamaza. Mdokozi alikuwa mdokozi, hakuna ambaye angemwamini. Lakini kilio kile kilimchoma kuliko vitunguu. Akaweka kisu chini, akafungua friji, akapitisha mkono nyuma ya barafu, akatoa ile kilo. Ilikuwa imeganda kama tofali.

"Mama, mrudishe mdogo wangu," alisema. "Hajala kitu. Mimi sikupika, wala sikupima. Nilimdanganya Shangazi nikaenda kuruka kamba. Nikaagiza kilo kumi na mbili tu."

Kisha akaanza kulia naye, na sasa nyumba ilikuwa na vilio viwili.

Shangazi akaipokea ile nyama, akaiangalia, akamwangalia mtoto. "Nimekasirika," alisema, "na nitakueleza nilivyokasirika kesho. Leo machozi hayaongezi nyama. Kamwombe mdogo wako radhi, halafu mje wote wawili na viazi."

Walimenya viazi na karoti mpaka vidole vikakunjamana. Shangazi aliichambua nyama vipande vidogo, akairudisha kwenye mchuzi na viazi, ukawa mzito na wenye kunukia. "Hakuna kujipakulia," aliamuru. "Chapuchapu, upawa ni wako. Upawa mmoja kwa kila mtu, na kila upawa uwe na nyama. Taratibu. Ukiharakisha, wa mwisho watakula viazi vitupu."

Wageni wakaja, wakapanga mstari. Chapuchapu alikoroga, akachota, akatazama, akamimina. Akakoroga tena. Mkono ulimuuma na jasho lilimtiririka, lakini hakuharakisha hata mara moja. Mgeni wa mwisho, fundi wa viatu mwenye tumbo kubwa, alipata sawa na wa kwanza, akasifu mchuzi mpaka akaomba aelezwe unavyopikwa. Bibi naye alikaa kwenye kigoda kipya na kukataa kiti chochote kingine.

Chapuchapu alipokwangua sufuria, kilichobaki kilikuwa kiazi kimoja na mchuzi kidogo. Akakaa nacho ngazini. Mdokozi akaja akaketi kando yake, akatoa kipande cha nyama kwenye sahani yake na kukiweka kwenye ya dada yake.

"Chukua," alisema. "Na usiseme nimedokoa."

Jumapili Shangazi alirudi na mizani. Ile kilo, iliyokwisha kuyeyuka, ikabandikwa kwa moto mdogo, na Chapuchapu akakaa mbele ya jiko saa zote tatu bila kunyanyuka. Bibi alimpa kampani, amekaa kigodani. Ilipoiva wakaipima: gramu mia sita. Chapuchapu akapiga hesabu kimoyomoyo, akashika kichwa. Walihitaji kilo ishirini.

"Nilidhani moto unapoteza muda tu," alisema.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "kitambaa kinachonywea nilikilowesha kwanza, nikakikausha, ndipo nikakikata. Siku nilizoharakisha, mteja alifua gauni mara moja akamvalisha mwanawe. Haraka haraka haina baraka, na mimi imenifundisha kama ilivyokufundisha wewe. Kosa hilo si kubwa. Nyama ilipungua, tukaongeza viazi, watu wakala, wakashiba."

Akamvuta karibu.

"Lakini ule uongo ulikaribia kumfungia mdogo wako chumbani siku aliyoingoja kwa hamu. Imani ya watu ikipungua, Chapuchapu, hakuna kiazi cha kuongezea. Ulifanya vyema kuitoa ile kilo mwenyewe. Siku nyingine usiifiche hata kidogo."

"Sitaificha, Bibi."

Nyuma yao mfuniko ulilia. Hakuna aliyehitaji kugeuka.

"Mdokozi," alisema Chapuchapu, "lete sahani. Leo nakupakulia mimi."