Risasi kwenye Sufuria ya Fridah

Kila Alhamisi alasiri, Nada na baba yake, Vuai, walipanda juu ya paa la nyumba yao mjini Jidda kutengeneza vyambo vya kuvulia. Ilikuwa mwaka 2011, na Nada alikuwa na miaka kumi na mitatu. Vuai aliyeyusha risasi, yale madini mazito ya kijivu, katika chungu cha chuma, akaimimina kwenye kalibu yenye umbo la dagaa. Ilipoganda, Nada alifungua kalibu akatoa kisamaki kizito chenye ndoana, kisha akakipaka rangi. Siku ya pili ukoo mzima ulikwenda ufukweni, na Vuai hakuchoka kuwaambia ndugu zake, "Hiki kapaka Nada."

Vuai alikuwa na masharti. Risasi iliyeyushwa nje tu, na mtu asimame upepo ukimpiga mgongoni. Chungu kile hakikuteremka ngazi hata siku moja. Na Nada hakuruhusiwa kumimina.

"Kumimina kazi yangu, mama. Wewe rangi," alisema Vuai.

Maneno hayo yalimkereketa Nada. Basi wiki ambayo baba yake alikwenda Riyadh, kwenye ofisi ya kazini kwake, mtaa wa Al-Murabba, aliamua kumwonyesha kwamba anaweza. Chungu kilikuwa kimefungiwa pamoja na vyombo vya baba, lakini kalibu na mfuko wa risasi vilikuwa kwenye rafu ya rangi za Nada.

Jumapili alasiri mama yake, Jokha, alikuwa amelala. Fridah, dada wa kazi kutoka Kenya, alikuwa juu ya paa akianika nguo. Nada aliingia jikoni, akafunga mlango na dirisha ili harufu isitoke. Kabatini mlikuwa na sufuria kumi na mbili za mama yake, zimepangwa kwa ukubwa. Hakugusa hata moja. Aliinama chini ya sinki akatoa sufuria ndogo iliyobonyea ubavuni. Hiyo ilikuwa ya Fridah. Alikuja nayo kwenye sanduku kutoka kwao Kitui, na ndiyo aliyosongea ugali wake kila jioni.

Risasi iliyeyuka, ikameremeta kama kioo. Nada alimimina, akapata visamaki vitatu, kimoja bila mkia. Kisha akaisugua sufuria kwa sabuni na steelwire, zile nyuzi za chuma za kusugulia vyombo, mpaka ikang'aa kuliko ilivyong'aa ilipokuwa mpya. Sasa ni safi, alijiambia. Kitu kinachong'aa kitakuwaje kichafu?

Jioni Fridah aliinua sufuria yake kwenye taa, akaigeuza huku na huku.

"Nani ameniosha sufuria hivi?"

"Mimi," alisema Nada. Neno lilimtoka kabla hajafikiri.

"Wewe? Aki Nada, asante. Miaka miwili niko nyumba hii, hakuna mtu amewahi kuniosha hata kijiko." Akageuka kwa Jokha aliyekuwa akipita. "Madam, huyu mtoto umemlea."

Jokha akatabasamu. Nada aliangalia vidole vyake vya miguu.

Usiku ule alikumbuka maneno ya baba yake: risasi haina harufu wala ladha ikiingia chakulani, na mwili ukiipata hauitoi upesi. Jumatatu alikwenda jikoni na kusimama kando ya jiko.

"Dada Fridah, pikia sufuria ya mama leo."

"Ya madam ni ya madam," alisema Fridah akikoroga. "Na hii yangu sasa imekuwa ya arusi. Niache nijivunie."

Nada alitaka kusema. Angeanzia wapi, baada ya kuwa amekwisha kushukuriwa? Akarudi chumbani, akakaa na visamaki vyake vitatu mkononi. Havikumpendeza tena. Fridah alikula ugali wote.

Jumanne Fridah alimwita mwenyewe. Alikuwa amesonga ugali, na pembeni ameweka mboga na kipande cha samaki. Alikata tonge, akatia mboga, akamnyooshea.

"Kaa hapa. Leo nimepika kwa ajili yako, kwa vile uliniheshimu."

Nada alilitazama tonge lile. Mkono haukunyanyuka.

"Chukua basi."

"Sitaki."

Tabasamu likamtoka Fridah taratibu. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Sawa. Kumbe kunisaidia kuosha unaweza, lakini chakula cha mfanyakazi unaona kinyaa. Si ungesema tu." Akalichukua tonge lile apate kulila mwenyewe.

"Usile!" Nada aliushika mkono wake. "Usile, dada. Niliyeyushia risasi humo."

Nada akasema yote, akilia, kuanzia kalibu mpaka steelwire. Fridah alisikiliza bila kumkatiza. Nada alipomaliza, Fridah aliuliza jambo moja tu.

"Kwa nini yangu? Kabatini zimejaa."

"Kwa sababu ilikuwa yako," alisema Nada. "Ya mama angeijua, angenigombeza. Yako... nilidhani si kitu."

Fridah aliinuka, akamwaga ugali kwenye pipa la taka, akatoka. Nada angefurahi kama angepigwa.

Nada mwenyewe ndiye aliyemwendea mama yake na kumweleza. Jokha alimpa mkono Fridah, akamwomba radhi, na jioni ileile akawapeleka wote wawili hospitali. Daktari alipima damu zao. Majibu yalipotoka, Fridah alikuwa na risasi kidogo sana mwilini, isiyohitaji dawa. Ya Nada ilikuwa zaidi, kwa kuwa alijifungia na moshi na vumbi lake. Wote wawili waliambiwa warudi kupimwa baada ya mwezi.

Vuai aliporudi kutoka Riyadh hakupaza sauti. Alifuta jiko na sakafu yote kwa matambara mabichi, akayatupa. Kisha akaitoboa sufuria ile kwa msumari ili asiipikie mtu mwingine. Nada alisimama mlangoni akisikia kila pigo la nyundo. Fridah naye alisimama, akitazama.

"Ilikuwa ya mamangu," alisema.

"Nisamehe, dada Fridah."

"Nimekusamehe. Lakini bado inaniuma, nisikudanganye."

Vuai aliweka nyundo chini. Alivitazama visamaki vitatu ambavyo Nada alikuwa ameviweka mbele yake.

"Umemimina vizuri," alisema, na Nada alijisikia vibaya zaidi. "Mkono wako hauna kasoro, mwanangu. Hukukosea kwa kutojua, maana masharti yote nilikufundisha. Lakini ulifikiria nani atakugombeza, hukufikiria nani atakula. Kisha ukapokea shukrani isiyo yako, na kwa siku mbili kimya chako kikawa kinamlisha mwenzako sumu. Nimefurahi ulisema. Ungesema Jumapili, ningefurahi zaidi."

"Ndiyo, baba."

"Sumu haiulizi chombo hiki cha mwenye nyumba au cha mfanyakazi. Na wewe usiulize tena. Kila sufuria inayoingia jikoni humu ina mtu anayeitegemea ashibe, na heshima yake ni sawa na ya mama yako."

Kesho yake Nada na Jokha walifuatana na Fridah sokoni kumnunulia sufuria nyingine. Fridah alipita duka baada ya duka, akigonga matako ya sufuria kwa kidole na kusikiliza, bila haraka. Nada alimfuata nyuma, amebeba kikapu, akingoja achague anayoitaka mwenyewe.